Mbuzi wa Mwamiaji

Keki ilikuwa na umbo la mlima. Naanza na hiyo keki kwa sababu hadi leo nikiona sukari ya kijani juu ya kitu nasukuma sahani kando. Ilikuwa na ngazi tatu, miamba ya chokoleti, na kileleni kisanamu cha mtu mwenye koti la njano ameshika kamba. Yule mtu alikuwa mwokoaji. Mshereheshaji aliwaita watu meza kwa meza waje walishwe kipande kwa kijiti cha meno, muziki ukipigwa, na kila aliyelishwa alisimama kidogo apigwe picha akiwa ameachama. Mwokoaji mwenyewe, wa nyama na damu, alikaa meza ya mwisho karibu na mlango wa choo, amejifunga kitambaa chake cha Jumapili, akitazama kisanamu chake kikikatwa kichwa.

Jina lake ni Scolastika. Mimi ni Sabrina, na ndimi niliyekuwa katibu wa sherehe ile. Nalisema hilo mapema ili mtu asije akanihesabu miongoni mwa wasafi.

Scolastika ana miaka hamsini na minane. Ni Msandawe wa Chemba, mkulima wa uwele, anaishi chini ya mlima Sarakwa, mahali ambapo basi la kutoka Dodoma mjini hukushusha barabarani, ukamalizia kwa pikipiki au kwa miguu yako. Ni mfupi, mkavu, na anapokutazama huanzia miguuni. Mara ya kwanza nilidhani ni dharau. Baba yake alikuwa mtafuta asali asiye na mtoto wa kiume, kwa hiyo alimchukua yeye porini tangu akiwa mdogo, akamfundisha kusoma ardhi kabla hajafundishwa kusoma daftari. Anajua unyayo wa asubuhi na unyayo wa jana. Anajua mtu aliyebeba mzigo na mtu aliyekwisha kuchoka. Akikuona ukitembea mara moja tu, hakusahau tena.

Mume wake, Edward, naye alikuwa mtu wa asali. Mwaka mmoja wa njaa alipanda genge peke yake, kamba ikakatika, akaangukia kwenye mwanya wa mwamba, akavunjika nyonga. Kijiji kilimtafuta kwa kelele na vumbi, watu sitini wakikanyagana, mpaka ukakosekana unyayo hata mmoja wa kusomeka. Walimpata siku ya nne, amekufa. Kwenye jiwe kando yake alikuwa amechora mstari kila alipoona jua linachomoza, na mistari ilikuwa miwili.

Baada ya mazishi alikusanya watu kumi wanaojua ardhi, yeye wa kumi na moja, wakaweka utaratibu. Mtu akipotea, wanakwenda wachache. Hawakanyagi njia aliyopita, wanatembea pembeni yake. Mmoja husimama kwenye unyayo wa mwisho ulioonekana, asitikisike hata akipandwa na siafu, mpaka mwenzake auone unaofuata. Hapo ndipo anapoondoka. Kazi hii haina posho wala ofisi. Namba ya simu ya Scolastika imeandikwa kwa mkaa kwenye ukuta wa duka la kijiji, basi. Kwa miaka mingi walitafuta wachungaji, wazee waliopoteza kumbukumbu, watoto waliofuata ndama. Halafu tukaja sisi.

Sisi ni watu wa ofisini. Dodoma ilipojaa wizara na idara, ilijaa pia watu wenye vitambi na Jumamosi isiyo na shughuli, wengine tukaunda klabu ya kupanda milima. Tulikuwa arobaini na kitu. Tulinunua viatu vya bei ya ndama na saa za mkononi zinazokupongeza ukitembea. Tulikwenda Sarakwa kwa sababu ina pango na ina mahali pazuri pa kuuza sura, tukapanda, tukapiga picha, tukaacha chupa za maji, tukarudi mjini tukiwa tumejaa sifa. Kwa nini nasema sisi? Kwa sababu nilikuwepo, na zile chupa nilizitupa pia.

Agosti ya mwaka juzi nilichepuka njiani kwenda kujisaidia, nikakosea kurudi, nikateleza kwenye jabali, kifundo cha mguu kikavunjika. Wenzangu waligundua sipo walipokuwa wameshafika chini, na hawakugundua kwa kuhesabu watu. Waligundua kwa sababu ilibaki sahani moja ya pilau. Asubuhi ya pili, jua limeshakolea, nikaona kitambaa cha kichwa kikija pembeni ya nyayo zangu mwenyewe, hatua kwa hatua, kama mtu anayesoma gazeti lililoanguka chini.

"Shikamoo, mama," nikasema huku nalia.

"Marahaba. Unaburuza kisigino cha kushoto," akaniambia, akapiga magoti kuutazama mguu. "Na viatu hivi vinakupwaya. Ungekuwa binti yangu ningekununulia vinavyokutosha."

Walinibeba kwa machela ya miti miwili na kanga. Mzee mmoja mrefu, Pantaleo, mrina asali ambaye shamba lake limepakana na la Scolastika, alishika upande wa kichwani na hakuugeuza uso wake kwangu hata mara moja, ili nilie kwa raha. Chini nikatoa laki moja niliyokuwa nayo. Scolastika aliirudisha kwenye mfuko wa koti langu, akafunga kifungo.

"Hatumtozi aliyepotea," alisema. "Tukianza kumtoza, wa pili ataogopa kupiga simu. Atasema ngoja nijaribu mwenyewe kwanza. Tutamkuta amekufa."

Nilipovuliwa plasta nilirudi kijijini na sukari na kitenge, nikamuuliza: basi sisi tunaopanda tufanye nini? Kama waliopotea hawalipi, si walipe wanaopanda? Tuko wengi, tuna mishahara. Mnahitaji nini, mama? Tochi? Kamba?

Alinitazama miguuni, akatabasamu, akanipeleka shambani. Ilikuwa Novemba, ardhi tupu, ila katikati palikuwa na dungu la miti, jukwaa refu kuliko mtu, na juu yake debe bovu na fimbo.

"Tochi tunazo. Kamba ipo," alisema. "Tunahitaji mwamiaji."

Mimi ni Mrangi wa Kondoa ingawa nimekulia Area D mjini Dodoma, nikaelewa mara moja. Bibi yangu Mwajabu aliamia ndege mpaka sauti yake ikakauka isirudi. Mwezi wa nne uwele unapokomaa, kweleakwelea wanashuka kwa maelfu, na lazima mtu awe juu ya dungu kabla jua halijatoka mpaka linazama, kila siku, wiki sita, akipiga debe na kupiga kelele. Ukiondoka siku moja, ndege wanakula chakula chako cha mwaka. Na majira hayo hayo mlima ni wa kijani, kuna baridi nzuri, kuna sikukuu za kupumzika, ndipo watu wa mjini wanapopanda na kupotea. Simu ikilia, mtafutaji anashuka dunguni anakwenda mlimani, na shamba linabaki na Mungu.

"Mwaka jana Pantaleo alipoteza nusu ya shamba akimtafuta mwalimu mmoja kutoka mjini," alisema Scolastika. "Wanne wameacha. Siwalaumu, wana watoto. Tumebaki saba. Mimi nina beberu, nitamuuza mwezi wa tatu nimweke mwamiaji. Wenzangu hawana beberu. Shamba langu likiliwa tena, mwanangu, na mimi nitabaki huko juu ya dungu. Simu italia tu."

Ilikuwa rahisi hivyo. Watu arobaini wenye mishahara, kila mmoja alipe siku chache za mwamiaji kwa mwaka, na mashamba yote saba yana mtu msimu mzima. Hapahitajiki ukumbi, hapahitajiki mgeni rasmi. Nilirudi mjini nimebeba jambo hilo kama mtu aliyebeba yai.

Kamati ilikutana kwenye mgahawa mmoja wa Area D. Makamu mwenyekiti wetu alikuwa Mudrick, kijana wa mahusiano ya umma katika ofisi ambayo sitaitaja, mtu mwenye meno mazuri na anayejua kuyatumia. Nilieleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaangalia wenzake, akacheka.

"Ndege, Sabrina? Tuwaambie wafadhili wanachangia kufukuza ndege?"

"Ndivyo wanavyohitaji."

"Dada yangu, mtu anayetoa hela anataka kuona kitu. Jaketi. Nembo. Kitu cha kupiga picha. Utampiga picha bibi juu ya miti anapiga debe, halafu uandike nini?"

Bupe, mweka hazina wetu, alikuwa mwanamke mwema, na wema wake ndio uliotumaliza. "Na tufanye hafla," alisema. "Watu hawatoi bila kula. Tuandae kadi za mchango kama za harusi, tuzisambaze, tuone." Kila mtu akaitikia. Nilikuwa na nafasi ya kusimama na kusema hapana, watu hawa wamesema wenyewe wanachotaka. Niliagiza chai nyingine ya maziwa. Kinyaa ninachokisimulia hapa si cha watu wengine peke yao.

Ujumbe wa mchango niliuandika mimi, kwa lugha ile tamu ya kamati: kwa heshima na taadhima, mmoja elfu hamsini, wawili elfu themanini, mchango wako ndio mafanikio yetu. Nikautuma kwa kila jina lililokuwa kwenye simu yangu, mpaka kwa fundi bomba na kwa mkunga aliyemzalisha dada yangu. Waliolipa Bupe aliwaandikia majina, kadi za kuingilia zikachapishwa Chang'ombe, nami jioni moja nikazitia saini zote mia mbili mbele ya televisheni. Sikusoma jina hata moja.

Hafla ilifanyika mwishoni mwa mwezi wa tatu. Kulikuwa na mapambo ya kitambaa cheupe, viti vimevalishwa mafundo kama maharusi, na mbuzi mzima wa kubanikwa ameketishwa mezani na majani mdomoni, akapigwa mnada. Watu wazima walishindana kumnunua mbuzi aliyekwisha kuiva, wakapigiwa vigelegele. Scolastika alikuja peke yake kwa basi la asubuhi, kwa kuwa Mudrick alisema mwakilishi mmoja anatosha kupokea jaketi. Nilimwona mlangoni ameshika kadi mkononi. Nilidhani Bupe amempelekea ya mwaliko, nikafurahi kwamba angalau hilo tulilikumbuka. Yule binti wa mlangoni hakuitazama kadi. Alitazama viatu, akasema, "Ah, nyie ndio mnaookolewa? Pita nyuma kule, mama."

"Tunaookoa," Scolastika alimrekebisha, kwa upole, akaenda nyuma.

Ukumbi ulilipwa, mapambo yakalipwa, mshereheshaji, muziki, chakula, ile keki. Kilichobaki kilinunua jaketi saba za njano kutoka kwa fundi wa Kizota. Mgongoni palikuwa na nembo ya klabu yetu kubwa kama sinia. Jina la watafutaji liliwekwa kwapani, kwa herufi ndogo. Scolastika aliitwa mbele, akavalishwa moja, mikono ya jaketi ikapita vidole vyake ikaning'inia. Mudrick alimpa kipaza sauti, akamwambia aseme neno fupi.

Alisema, "Asanteni. Ndege wanakuja mwezi wa nne."

Mudrick alichukua kipaza sauti, akacheka kwa meno yake yote. "Mama anawakaribisha sana mwezi wa nne!" Makofi yakapigwa mpaka basi. Mimi nilipiga pia. Scolastika alinitafuta kwa macho kati ya watu wale, aliponiona akaacha.

Baada ya picha, Mudrick alimvua jaketi. Alisema zote saba zibaki stoo ya klabu kwanza, zikazinduliwe rasmi mlimani siku ya Muungano. Scolastika alirudi kwao mikono mitupu, ila sahani ya pilau iliyofungwa kwa karatasi ya kung'aa.

Siku ya Muungano watu thelathini na mmoja walipanda Sarakwa kuzindua jaketi za waokoaji, bila mwokoaji hata mmoja. Mimi sikwenda, nilikuwa nyumbani Area D nafua. Saa tisa mchana Bupe alipiga simu akilia. Mudrick hayupo. Alichepuka kutafuta mahali pa kujirekodi, peke yake, na tangu saa sita hajaonekana. Alikuwa amevaa jaketi ya njano.

Nilimpigia Scolastika. Kabla hajasema neno nilisikia debe, karibu kabisa na simu, na sauti yake imekwisha kuwa ya kukwaruza kama ya bibi yangu.

"Shikamoo mama. Upo shambani? Mwamiaji wako hajaja leo?"

"Marahaba. Mwamiaji ni mimi."

Hapo ndipo nilipopaswa kuuliza. Mbuzi je? Si ulisema utamuuza? Sikuuliza, kwa sababu nilimhitaji aende, na nikimuuliza angenijibu. Nikamwambia kuna mtu amepotea. Debe likanyamaza. Kimya kile nilikisikia vizuri, na nyuma yake nikasikia mbawa, ndege wanatua.

"Amevaa kiatu gani?" aliuliza.

Nilimweleza.

"Wenzake wangapi wapo juu?"

"Thelathini."

"Waambie wakae chini. Wote, hapo walipo. Asitembee mtu. Wakikaa, leo hii nampata."

Niliwaambia. Nilituma ujumbe kwenye kundi mara tano, nikapiga simu, nikabembeleza, nikatukana. Nani akae? Walikuwa watu wa vitendo. Walijigawa makundi manne, wakaupanda na kuushuka mlima wakiita Mudrick, Mudrick, wakipuliza filimbi, wengine wakirekodi namna wanavyotafuta. Watu thelathini, nyayo sitini, na nyingi za viatu vya aina moja, maana tuliagiza kwa pamoja ili tupunguziwe bei. Watafutaji walipofika juu walikuta mlima umepigwa deki.

Nilifika kesho yake asubuhi kwa basi. Wanaklabu wengi walikuwa wameshaondoka, kazini kunawasubiri. Nilimkuta Pantaleo amesimama peke yake kwenye kijinjia cha mawe, mguu huku na mguu huku, kati yao unyayo mmoja uliosalimika, nusu tu, upande wa vidole. Alikuwa amesimama hapo tangu kulipokucha. Midomo ilikuwa imekauka. Nilimpa maji, akayachukua bila kusogeza miguu. Mbele yake, hatua kumi na tano, Scolastika alikuwa amelala kifudifudi, shavu ardhini, akitafuta unaofuata. Aliponiona alisema jambo moja tu.

"Wamefanya kama kwa Edward."

Sikuwa na mahali pa kuuweka uso wangu.

Ikawachukua siku mbili kwa kazi ya saa tatu. Mchana wa siku ya pili walimpata Mudrick chini ya mwamba, mita mia nne kutoka njiani, ana kiu na amechubuka lakini mzima. Alilia begani kwa Pantaleo, na kilio kile kilikuwa cha kweli, hilo simnyimi. Kilimdumu mpaka barabarani, mahali penye mtandao. Tulipokuwa bado tunamtafutia gari alikuwa ameshaweka picha yake na jaketi imechanika, ameandika kwamba klabu yetu haimwachi mtu nyuma. Kabla gari halijaondoka alikuwa amepongezwa na watu mia tatu. Nilitoka pembeni nikatema mate.

Nilimsindikiza Scolastika nyumbani. Alitembea haraka kuliko mimi, na tulipokaribia shamba akapunguza mwendo, kisha akasimama.

Shamba lilikuwa wima lote. Ungeliona kwa mbali ungesema ni zima. Ila masuke yalikuwa yamebaki mabua matupu, meupe, na chini yametapakaa makapi na mavi ya ndege. Kweleakwelea wachache walikuwa bado wanaokota, hata hawakutuogopa. Scolastika aliingia katikati ya mistari akawa anayapapasa masuke kwa vidole, moja moja, mpaka mwisho wa mstari, akageuka akaanza mwingine. Alipapasa mistari minne. Mkononi alikusanya punje za kujaza kikombe. Hakulia. Mimi nililia, na kilio changu kilinikera mwenyewe, maana kilikuwa cha bure kama yale makofi ya ukumbini.

Ndipo nikauliza, nikiwa nimeshachelewa kwa siku mbili. "Mama, si ulisema utamuuza beberu umweke mwamiaji?"

"Nilimuuza."

"Kwa hiyo mwamiaji akakimbia?"

"Sikumweka. Hela ya beberu nililipia kadi."

"Kadi gani?"

Alinishangaa. "Si ulinitumia? Ujumbe wa mchango. Jina lako lilikuwa chini. Nikasema huyu mtoto tumembeba wenyewe, leo ana shughuli yake, ameniletea kadi, nikae kimya? Nilisafiri mpaka Chemba mjini kumuuza, bei ilikuwa mbaya. Nikalipa elfu hamsini, iliyobaki ikawa nauli."

Jina lake lilikuwa kwenye simu yangu. Lilikuwa kati ya fundi bomba na mkunga, sijui, na mimi niligusa tu pale pa kuchagua wote. Tulimwomba Scolastika mchango wa kumchangia Scolastika. Alitupa mwamiaji wake, nasi tukamnunulia keki, tukamlisha kila mtu isipokuwa yeye, kwa sababu meza za nyuma hazikufikiwa. Nilishika mti wa dungu, nikainama, nikatapika kweli, chai ya safari na kila kitu. Yeye alinishika mgongo mpaka nilipomaliza, akaniletea maji ya kusukutua. Hilo la kunishika mgongo ndilo lililonichoma kuliko yote.

Kisha aliingia ndani akarudi na kitabu chake cha nyimbo za kanisani. Katikati ya kurasa alitoa kadi, nyeupe, yenye ukingo wa dhahabu, haijakunjwa hata pembe. Bi. Scolastika na familia. Chini yake saini yangu, ile ya mbele ya televisheni.

"Mlangoni hawakuitoboa," alisema, akanionyesha kwenye jua ili nione kuwa haina tundu. "Wageni wengine wote niliona zao zinatobolewa. Sasa huyu kijana amepatikana, najua mtafanya shughuli nyingine ya kushukuru. Beberu sina tena. Hii si bado nzima? Itanifaa?"

Hakuwa ananitania. Alikuwa anauliza kama mtu anavyouliza kama tiketi ya jana inapokelewa, na alisubiri nimjibu.

Jua lilikuwa linashuka, na upande wa pili wa uzio wa miiba kundi la ndege lilikuwa linazunguka juu ya shamba la Pantaleo, ambalo lilikuwa limeliwa nusu na nusu bado. Mwenyewe alikuwa hajafika kutoka mlimani, alikuwa anatembea polepole kwa ile miguu aliyoisimamisha siku nzima. Nilipanda kwenye dungu la Scolastika na viatu vyangu vya bei ya ndama, nikachukua debe, nikageukia upande ule nikaanza kupiga. Mikono ilichoka kabla ya robo saa.